Mdomo Ukishashonwa, Kazi ya Meno Ndiyo Inaanza

Mabango ya mashirika yanayofadhili upasuaji wa midomo iliyopasuka huwa na picha mbili. Katika ya kwanza, mtoto mchanga ana mdomo wa juu ulioachana hadi kwenye tundu la pua. Katika ya pili, mtoto yule yule ameshashonwa, kovu jembamba limebaki chini ya pua, na mama aliyempakata ana uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. Furaha hiyo ni ya haki kabisa, na waliofanikisha upasuaji wanastahili shukrani. Ila picha ya tatu huwa haipigwi. Lau ingepigwa mtoto akiwa na miaka minne, amefungua kinywa mahali penye mwanga, mara nyingi ingeonyesha meno ya mbele yaliyolika mpaka kwenye ufizi, na jino lililo kando ya kovu likiwa na shimo jeusi.

Hakuna anayekusudia iwe hivyo. Mzazi anaporuhusiwa kutoka wodini huelezwa habari za kidonda, nyuzi, maziwa na tarehe ya kurudi. Meno bado hayajaota, kwa hiyo hayatajwi. Yanapoanza kutokeza, mtoto hana tena miadi ya karibu na daktari, na familia inaamini kwamba safari imekwisha.

Kwa familia ya Webuye, magharibi mwa Kenya, safari yenyewe si ndogo. Mji huu uko njia panda: barabara kuu ya Eldoret kwenda Malaba inapita hapa, na hapa ndipo inapochipuka ile ya Kitale, ikipitia Lugulu, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini. Hospitali ya kaunti ipo mjini, na ya wamisheni wa Friends ipo Lugulu. Hata hivyo, mtoto aliyezaliwa na mpasuko kwa kawaida hupewa barua ya rufaa aende Bungoma, Kitale au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi kule Eldoret, au huambiwa asubiri kambi ya madaktari. Shirika la Smile Train, lililoanzishwa 1999, limewezesha upasuaji huu kufanywa bila malipo katika hospitali nyingi za dunia, Kenya ikiwemo. Lakini nauli ya matatu, chakula cha mlezi na siku za shamba zinazopotea humwangukia mzazi. Katika mji ulioona kiwanda chake cha karatasi, Pan Paper, kikifungwa 2009 na maelfu ya watu wakabaki bila kipato, nauli ya kwenda Eldoret na kurudi huulizwa ni ya nini hasa. Ya upasuaji itatafutwa. Ya kwenda kuangaliwa meno ya mtoto wa miaka miwili, ambayo wengi wanaamini yatang'oka tu, haitatafutwa.

Duniani kote, mtoto mmoja kati ya takriban 700 huzaliwa na mpasuko wa mdomo, wa kaakaa, au wa vyote viwili. Mdomo huungana kati ya wiki ya nne na ya saba ya mimba, na kaakaa kati ya wiki ya sita na ya tisa, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua hata kama wamepata ujauzito. Urithi una sehemu yake, na vivyo hivyo uvutaji wa sigara, pombe, kisukari cha mama na baadhi ya dawa, lakini kwa mtoto mmoja mmoja mara nyingi chanzo hakijulikani. Nalisema hili kwa sababu bado wapo wanawake wanaosimangwa na wakwe na majirani, eti walimcheka mlemavu, eti walitoka nje mwezi ulipopatwa. Mwanamke aliyebeba shutuma kama hizo kwa miezi kadhaa hahitaji mtu mwingine wa kumlaumu kwa meno ya mtoto. Anahitaji kuelezwa mapema kwa nini meno hayo yako hatarini kuliko ya watoto wengine.

Tafiti kutoka nchi nyingi, zikijumlishwa pamoja, zinakubaliana kwamba watoto waliozaliwa na mpasuko huoza meno zaidi ya wenzao, ya utoto na ya ukubwani. Sababu zake zinaeleweka, na ya kwanza imo ndani ya jino lenyewe. Mpasuko unapofika kwenye ufizi, hupita mahali pale pale ambapo machipukizi ya meno ya mbele yanajipanga. Jino la pembeni huenda lisiote kabisa, au liote dogo na lenye ncha, au yaote mawili mahali pa moja. Jirani yake hutokeza limejigeuza ubavu, na enameli yake, lile gamba gumu la nje, huwa nyembamba au yenye madoa. Jino la namna hiyo huingia kinywani likiwa na ulinzi pungufu tangu siku ya kwanza.

Kisha linakuja suala la nafasi. Makovu ya upasuaji wa kaakaa huweza kuzuia taya la juu lisipanuke vizuri, na meno yakabanana na kupandana. Chakula hunasa katika pembe ambazo mswaki haufiki. Mdomo ulioshonwa una kovu linalovuta. Ukijaribu kuuinua kwa kidole, hauinuki kwa urahisi kama wa mtoto mwingine, naye huanza kulia na kugeuza uso. Mama huogopa kwamba atafumua kilichoshonwa, kwa hiyo hupiga mswaki chini, hupiga nyuma, na pale mbele juu hupaacha. Ndipo hapo hapo panapooza.

Kuna pia mate, kinga ambayo wengi hatuifikirii. Kila tunapokula kitu chenye sukari au wanga, bakteria walio kwenye utando wa meno hutengeneza asidi, nayo hunyonya madini kutoka kwenye enameli. Mate huisafisha asidi hiyo na kurudisha madini, ila yanahitaji muda. Mtoto ambaye pua yake haipitishi hewa vizuri hupumua kwa mdomo, hasa usingizini, na kinywa hukauka. Ikiwa kaakaa limebaki na tundu dogo baada ya upasuaji, uji na maziwa hupanda puani na kushuka tena polepole, na kinywa hakipati nafasi ya kujisafisha. Zaidi ya hapo, watoto hawa husumbuliwa sana na masikio, kwa sababu misuli ya kaakaa ndiyo inayosaidia kufungua njia ya hewa kati ya koo na sikio. Wakiumwa hupewa dawa za maji, na nyingi zimetiwa sukari ili mtoto akubali kumeza. Dawa hiyo ikinyweshwa saa tatu usiku, mtoto akalala bila kusafishwa kinywa, sukari inakesha na meno mpaka alfajiri.

Na sukari, katika nchi hii ya mto Nzoia, haina msimu. Kiwanda cha Nzoia Sugar kiko Bukembe, kati ya Webuye na mji wa Bungoma, na tangu kilipoanzishwa 1975 miwa imekuwa sehemu ya maisha kuanzia shambani hadi barabarani. Watoto wanatafuna miwa wakitoka shule. Sukari guru hupikwa na kuuzwa. Chai ya maziwa hunywewa asubuhi, saa nne na jioni, na nyumba inayoheshimu wageni huitia sukari bila kupima. Uji wa wimbi na mtama, ambao ungekuwa chakula kizuri cha mtoto, mara nyingi humfikia umeshakolezwa.

Kwa mtoto mwenye mpasuko, mkono unaotia sukari unaongozwa na mapenzi na hofu. Mtoto mwenye mpasuko wa kaakaa hawezi kunyonya vizuri, kwa kuwa hewa inapita katikati ya kinywa na pua na hivyo mvuto haupatikani. Mama hukamua maziwa, hunywesha kwa kijiko na kikombe au kwa chupa laini ya kubinya, na mlo mmoja unaweza kuchukua saa nzima ilhali haukupasa kuzidi nusu saa. Kilo haziongezeki, na hospitalini ameambiwa kwamba mtoto hapasuliwi mpaka afikishe uzito, kwa kawaida kilo nne na nusu hadi tano. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungetia sukari kwenye uji. Ungemwachia chupa usiku kucha ili anywe chochote atakachoweza. Na baada ya upasuaji, mtoto akiwa amepitia sindano, njaa na usingizi wa dawa, kukhu wake anasema, "Mpe mjukuu wangu chai yake, ameteseka vya kutosha." Nani atambishia bibi mwenye huruma kama hiyo?

Jibu, nadhani, ni kumshirikisha kukhu huyo tangu mwanzo, maana mara nyingi ndiye anayeshinda na mtoto mama akiwa sokoni au shambani. Uzito unaweza kuongezwa kwa maziwa, mafuta kidogo, siagi ya njugu, parachichi, yai lililopondwa, na sukari isihusike. Chupa ya usiku, ikibidi iwepo, iwe ya maji baada ya meno kuota. Chai ya mtoto iende na mlo, isiwe kitu cha kudonoa kutwa nzima, kwa kuwa linaloumiza meno zaidi ni idadi ya mara ambazo sukari inaingia kinywani kwa siku.

"Lakini hayo ni ya maziwa, yatang'oka." Sentensi hii ndiyo inayofanya madhara makubwa kuliko zote. Kwa mtoto yeyote si ya kweli kabisa. Kwa aliyezaliwa na mpasuko, inaweza kumpokonya matunda ya upasuaji wake wote.

Kushona mdomo, kwa kawaida kati ya miezi mitatu na sita, na kuziba kaakaa, kati ya miezi tisa na 18, ni mwanzo wa mpango unaoendelea hadi ujana. Ikiwa mpasuko ulipita kwenye ufizi, mfupa wa taya la juu umebaki na pengo. Mtoto akifikia kati ya miaka minane na 11 hivi, kabla jino la chonge la ukubwani halijashuka, daktari huchukua mfupa laini kutoka nyongani na kuupandikiza katika pengo hilo. Chonge likishuka linakuta mfupa wa kushikilia, kama mhindi unavyokuta udongo. Mfupa huo huunganisha taya, hutegemeza pua, na huziba tundu lililobaki kati ya kinywa na pua. Baadaye huja nyaya za kunyoosha meno, na kwa wengine upasuaji wa taya mwili ukishamaliza kukua.

Sasa mweke mtoto huyo mezani akiwa na meno yaliyooza kando ya pengo. Usaha na bakteria viko sentimita moja tu kutoka mahali ambapo mfupa mpya unatakiwa kushika. Daktari makini ataahirisha upasuaji mpaka kinywa kisafishwe, na kuahirisha kunaweza kumaanisha chonge limeshuka kabla ya mfupa kuwekwa. Akipandikiza hivyo hivyo, maambukizi yanaweza kuumeza mfupa wote. Na kama meno ya jirani yameshang'olewa, mfupa uliokuwa ukiyashikilia nao husinyaa, na taya ambalo tangu mwanzo lilikuwa jembamba huzidi kuporomoka kuelekea ndani.

Hapo ndipo wasiwasi wangu kuhusu kliniki zetu za meno unapotokea. Katika hospitali nyingi za umma, mgonjwa huja maumivu yakishazidi, na jibu lililo karibu ni koleo. Hilo si kosa la wahudumu, wengi wao wakifanya kazi na vifaa vichache na foleni ndefu. Lakini kwa mtoto mwenye mpasuko, hata jino lililokaa vibaya ufizini linaweza kuwa linashikilia mfupa unaohitajika, na uamuzi wa kuling'oa ulipaswa kufanywa baada ya kuongea na timu iliyomshona. Mzazi ana haki ya kusema: huyu alizaliwa na mpasuko, tafadhali mpigieni simu daktari wake kwanza.

Kuna jino jingine linalopotea kimyakimya. Mtoto akifikisha miaka sita, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi hudhani ni la utoto. Likioza, hupuuzwa. Kumbe ndilo gego litakaloshikilia nyaya za kunyoosha meno miaka mingi baadaye.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulionyesha kwamba asilimia 23.9 ya watoto wa Kenya waliochunguzwa walikuwa na meno yaliyooza. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2022, lilikadiria kuwa magonjwa ya kinywa yanawagusa watu bilioni 3.5, na mpasuko wa mdomo na kaakaa ulihesabiwa miongoni mwa hali za kinywa zinazostahili kushughulikiwa na mifumo ya afya. Yaani mpasuko na meno yaliyooza ni jambo la idara moja. Vijijini kwetu yametenganishwa: mpasuko ni wa madaktari wanaokuja kwa kambi, meno ni ya siku jipu litakapovimba.

Linaloniudhi ni kwamba njia zinazofaa zipo, hazihitaji mashine kubwa, na mojawapo ilizaliwa hapa Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, daktari wa meno Jo Frencken na wenzake walianza kutibu meno bila umeme wala mashine ya kutoboa. Walikwangua sehemu iliyolainika kwa vifaa vya mkono, kisha wakaziba tundu kwa saruji maalumu ya meno. Njia hiyo leo inatumika katika nchi nyingi duniani. Saruji ya sasa hutoa floraidi polepole na kulilinda jino, na mtoto hasikii mlio wa mashine. Kwa mtoto ambaye akiona koti jeupe tu anakumbuka chumba cha upasuaji, ukimya huo una thamani kubwa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha yake ya dawa muhimu dawa ya meno yenye floraidi, saruji hiyo, na dawa ya matone yenye madini ya fedha na floraidi. Tone moja la hiyo ya tatu, likipakwa kwenye tundu, huweza kusimamisha uozo bila sindano na bila kukwangua. Ubaya wake ni kwamba sehemu iliyooza hugeuka nyeusi moja kwa moja, na mzazi lazima aelezwe hilo kabla halijapakwa. Kwa mtoto ambaye sura yake imekuwa gumzo tangu kuzaliwa, doa jeusi mbele si jambo dogo. Wengine watakubali kwa magego na kukataa kwa meno ya mbele, na wana haki hiyo. Kwa kinga, vanishi ya floraidi inayopakwa kwa brashi ndogo mara mbili kwa mwaka inatosha kupunguza hatari kwa kiasi kikubwa, na kuipaka ni kazi ya dakika chache.

Nyumbani, kazi ni ya kila siku na haina siri. Kabla meno hayajaota, ufizi upanguswe kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu. Daktari akishasema kidonda kimepona, hakuna sababu ya kuliogopa kovu. Jino la kwanza likitokeza, anza mswaki laini wenye kichwa kidogo, asubuhi na kabla ya kulala, na dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele hadi miaka mitatu, kisha kiasi cha punje ya njegere. Mlaze mtoto mapajani, kichwa kikielekea tumboni kwako, inua mdomo taratibu kwa kidole cha shahada, na uone unachopiga mswaki. Usimwachie ajipigie peke yake mpaka afike miaka saba au minane. Ukiona mstari mweupe kama chaki karibu na ufizi, hapo uozo unaanza, na bado unaweza kurudishwa nyuma kwa floraidi na kwa kupunguza sukari. Ukingoja mpaka uwe wa kahawia na jino limetoboka, mlango huo umefungwa.

Yote haya yanahitaji mtu wa kumwambia mama kwa wakati, na kaunti ya Bungoma inao watu hao. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa Kenya 2019, Bungoma ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za magharibi zilizoteuliwa, na dozi zake zilipangwa mtoto akiwa na miezi sita, saba, tisa na 24. Ziweke pamoja na chanjo za surua za miezi tisa na 18, kisha zilinganishe na meno. Kuanzia miezi sita ya chini hutokeza. Kwenye miezi tisa yale ya mbele ya juu, yaliyo hatarini zaidi, yanaota. Kwenye miezi 18 magego ya kwanza yameshatokeza au yako njiani. Kwenye miezi 24 magego ya mwisho ya utoto yanaanza. Hakuna ratiba ya kukagua meno ambayo mtaalamu angeipanga vizuri zaidi ya hiyo, na akina mama tayari wamo foleni, kijitabu cha kliniki mkononi.

Wapo pia wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchi nzima, waliokabidhiwa vifaa vyao Septemba 2023 na wanaopita nyumba kwa nyumba. Webuye inajua kazi ya namna hiyo. Wahudumu wa AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya Eldoret na vyuo vya ng'ambo, walipita katika boma za eneo hili wakipima virusi vya Ukimwi nyumbani, na watu wakawafungulia milango kwa jambo zito kuliko meno. Mhamasishaji anayejua kwamba katika kijiji chake kuna mtoto mmoja aliyeshonwa mdomo anaweza kufundishwa kwa asubuhi moja jinsi ya kuinua mdomo wa mtoto na kuutambua ule mstari mweupe.

Ombi langu kwa wanaopanga bajeti ya afya Bungoma na Trans Nzoia ni dogo. Vanishi ya floraidi iwekwe katika chumba cha chanjo, si katika kliniki ya meno peke yake, na nesi afundishwe kuipaka. Kijitabu cha mtoto aliyezaliwa na mpasuko kiwekewe alama siku ya kwanza, pamoja na namba ya simu ya timu itakayomshona. Na mpaka hayo yafanyike, mama aliyeketi kwenye benchi la kliniki na mtoto wa miezi tisa asisubiri kuulizwa. Chanjo ikishadungwa, aseme, "Sista, kabla sijaondoka, niangalizie na meno yake."